Ndege Isiyo na Rubani Ina Rubani

Wafugaji nyuki wa Sikonge, Urambo na Kaliua, mkoani Tabora, wanaotundika mizinga ya magogo na ya magome katika misitu ya miyombo, wanawatambua nyuki kwa kazi zao. Yupo malkia, wapo vibarua, na yupo dume. Dume ana macho makubwa na mvumo mzito kuliko wenzake. Haleti chavua, hajengi sega, na hana mwiba. Maisha yake yana shabaha moja, kumpanda malkia hewani, na akishafanya hivyo hufa.

Jina la nyuki huyu kwa Kiingereza ndilo lililopewa chombo ambacho leo kinatangazwa karibu kila siku katika habari za vita. Mwaka 1935 Waingereza waliunda ndege ndogo iliyoongozwa kwa redio ili wapiga mizinga wajifunzie shabaha, wakaiita Queen Bee, malkia wa nyuki. Wamarekani walipoanza kuunda za kwao mwaka uliofuata, walichukua jina la dume. Zote zilikuwa ndege za kupigwa risasi, wala hazikuwa na silaha, kwa hiyo jina la mdudu asiye na mwiba lilizifaa. Mwaka 2001 Marekani ilifunga makombora ya Hellfire kwenye ndege aina ya Predator ikaanza kuitumia Afghanistan. Tangu hapo dume ana mwiba, lakini jina limebaki lilelile.

Kiswahili kimekipokea chombo hiki kwa majina matatu. Vijana, mafundi na wapiga picha za harusi husema droni. Vyombo vya habari hupenda ndege isiyo na rubani. Tanzania limeenea pia jina la ndege nyuki, na hilo mtu wa Tabora hahitaji kuelezwa, kwa kuwa mkoa wake unajulikana nchi nzima kwa asali na una chuo cha serikali cha ufugaji nyuki. Si mara ya kwanza Kiswahili kukutanisha nyuki na vita. Gogo lililotobolewa la kufugia nyuki ni mzinga, na bomba la chuma linalorusha kombora ni mzinga vilevile. Kiwanda cha risasi cha jeshi kule Morogoro kinaitwa Mzinga.

Ndege nyuki ni jina linalotoka kwa msikilizaji aliye chini. Chombo kikiwa juu sana kisionekane, mvumo wake bado husikika. Watu wa Gaza wamekipa jina la Kiarabu linalotokana na mvumo huohuo, zanana, na hulitamka kama watu wanaotaja kitu kinachowanyima usingizi. Hata tembo wanauchukia mvumo huo. Katika mipaka ya hifadhi za Tanzania askari wa wanyamapori wamejaribu kutumia droni ndogo kuwatoa tembo mashambani, wakaona makundi yakikimbia. Watafiti wakadhani huenda mvumo ule unawakumbusha nyuki, ambao tembo huwaogopa. Jina zuri, basi, na lenye asili ya kwetu. Upungufu wake ni kwamba halitofautishi kati ya chombo kinachopima mashamba na kile kinachobeba bomu.

Jina linalohitaji kuchunguzwa zaidi ni ndege isiyo na rubani, kwa sababu linasema jambo lisilo kweli.

Rubani ni neno la mabaharia kabla halijawa la marubani wa anga. Aliyeitwa hivyo katika mwambao ni mtu aliyeijua njia ya maji kati ya miamba, na chombo kikipasuka aliulizwa yeye. Barani, katika njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupita Tabora hadi Ujiji, kazi inayofanana na hiyo ilikuwa ya kirangozi. Wasafiri wa karne ya 19 wamemweleza akitangulia mbele ya wapagazi na bendera mkononi, amevaa nguo nyekundu na pambo la manyoya au ngozi kichwani. Alivaa hivyo ili aonekane. Msafara ukiingia kijijini, wenyeji walijua ni nani wa kuzungumza naye juu ya hongo, na ukileta fujo walijua pa kuanzia malalamiko.

Hata vita vya anga vilipofika kwa mara ya kwanza mwisho wa njia hiyo, aliyeviendesha alikuwapo. Juni 1916 Wabelgiji waliorusha ndege zao za kutua majini kutoka ukingo wa magharibi wa Ziwa Tanganyika walidondosha mabomu Kigoma, wakiilenga meli ya Kijerumani ya Graf von Götzen, hiyo ambayo baadaye ikawa MV Liemba. Septemba mwaka huohuo jeshi lao chini ya Charles Tombeur likaingia Tabora. Ndege zile zilikuwa dhaifu, za mbao na kitambaa, na ndani yake walikaa watu wawili ambao risasi ya bunduki ya kawaida ingeweza kuwaua. Hilo halikuvifanya vita vile kuwa vya haki. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa Afrika Mashariki katika miaka ile kwa njaa, kuhara na uchovu, wengi bila majina yao kuandikwa popote, na kumbukumbu yao kubwa imebaki katika jina la Kariakoo, lililotokana na kikosi chao. Lakini aliyedondosha bomu alikuwa na mwili mahali palepale lilipodondoka.

Rubani wa leo ameondoka kwenye ndege, hajaondoka kwenye vita. Anakaa katika chumba chenye skrini, mathalani kambi ya Creech katika jimbo la Nevada, akiwa na mwenzake anayeongoza kamera, na nyuma yao wapo wachambuzi wa picha, wanasheria na makamanda. Ndege yenyewe huenda imeruka kutoka Djibouti, ambako Marekani ilihamishia droni zake katika uwanja wa Chabelley mwaka 2013. Jeshi la Anga la Marekani lenyewe halipendi msemo wa isiyo na rubani. Katika nyaraka zake huandika ndege inayoongozwa na rubani kutoka mbali, kwa kuwa linataka ieleweke kwamba kuna mtu anayeamua. Tukubali maelezo hayo, kisha tumuulize mtu huyo alichoamua.

Tarehe 1 Aprili 2018, karibu na mji wa El Buur katikati ya Somalia, pikapu ilipigwa kwa kombora la droni ya Marekani. Kamandi ya Marekani ya Afrika, AFRICOM, ilitangaza kwamba waliouawa walikuwa magaidi na kwamba hakuna raia aliyedhurika. Katika gari lile alikuwamo mama wa miaka 22 na binti yake wa miaka 4, waliokuwa wameomba lifti. Machi 2019 Amnesty International ilitoa ripoti juu ya mashambulizi ya Marekani nchini Somalia, kamandi ikalazimika kupitia upya kumbukumbu zake, na mwezi uliofuata ikakiri kwamba mwanamke na mtoto waliuawa siku ile.

Yaliyotokea ndani ya chumba cha skrini yalijulikana baadaye zaidi, tovuti ya habari ya The Intercept ilipopata taarifa ya uchunguzi wa jeshi lenyewe na kuichapisha mwaka 2023. Wale waliokuwa wakitazama hawakukubaliana gari lilibeba watu wangapi. Mama na mwanawe walidhaniwa kuwa mwanamume mmoja. Waliponusurika kombora la kwanza na kukimbia, kombora la pili likawafuata. Uchunguzi ukahitimisha kwamba taratibu zilifuatwa. Hakuna aliyeadhibiwa, na miaka mitano baada ya mazishi familia ilikuwa bado inaomba fidia bila kujibiwa.

Ukisoma kisa hiki kwa jina la ndege isiyo na rubani, unabaki na mashine iliyokosea. Ukikisoma kama kilivyokuwa, unakuta watu kadhaa wenye vyeo, waliokuwa na muda wa kubishana, waliokuwa salama kabisa mbali na pale, na bado wakaruhusu kombora la pili. Sheria ya kimataifa ya vita, hasa Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977 inayoongezea Mikataba ya Geneva, inasema mahali penye shaka mtu ahesabiwe kuwa raia. Ni wajibu wa mtu. Hauwezi kubebeshwa mabawa na kamera.

Kiswahili kina tatizo lake hapa, nalo liko katika sarufi. Vichwa vya habari hupenda ufupi, kwa hiyo tunaandika droni yaua watu kadhaa, na kiambishi cha ngeli kinakipa chombo kazi ya mtenda. Usiku wa Januari 7, 2022, Krismasi ya Waorthodoksi wa Ethiopia, kambi ya wakimbizi wa ndani ya Dedebit katika jimbo la Tigray ilipigwa mabomu. Human Rights Watch ilihesabu raia 57 au zaidi waliokufa, wengi wao waliokuwa wamejihifadhi katika shule, na ikalihusisha shambulio hilo na droni ya serikali ya Ethiopia. Mabaki ya mabomu yalionyesha aina ya MAM-L, inayotengenezwa Uturuki na kubebwa na ndege ya Bayraktar TB2. Kuna mwagizaji, muuzaji na mrushaji katika habari hiyo. Kichwa kinachosema droni yaua raia kinawafuta wote watatu kwa herufi chache, wakati jeshi laua raia kwa droni ni maneno mawili zaidi tu.

Jambo hili haliko mbali na reli ya kati. Kongo na Somalia ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wa kwanza tangu 2022 na wa pili tangu 2024, na Wakongo waliokimbia vita wamo kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, tangu 1996. Desemba 2013 Umoja wa Mataifa ulirusha Goma droni zake za kwanza za upelelezi, aina ya Falco, zisizo na silaha, katika mwaka ambao brigedi yenye wanajeshi wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi ilipigana na waasi wa M23. Mei 2014 mojawapo iliona boti ikizama Ziwa Kivu, watu wakaokolewa. Miaka kumi baadaye, Februari 2024, serikali ya Kongo ilitangaza kwamba uwanja wa ndege wa Goma, uleule zilikorukia droni za uokoaji, umeshambuliwa kwa droni zenye mabomu.

Kwa hiyo hakuna sababu ya kulichukia neno droni. Mwaka 2018 droni ilipeleka dawa kutoka Mwanza hadi Ukerewe, safari ya kilomita 60, kwa dakika 40. Lililo muhimu ni kulipa neno kivumishi chake. Chombo chenye silaha kinachoongozwa na mtu kiitwe droni ya kivita, na pale usahihi unapotakiwa, katika mahakama, bunge na mikataba, kiitwe ndege ya kivita inayoongozwa kutoka mbali. Kirefu, ndiyo, lakini kila silabi inafanya kazi, na ndani ya inayoongozwa yumo kiongozi anayeweza kuitwa kujieleza.

Msemo wa isiyo na rubani uwekwe akiba, kwa kuwa kitu kinachoustahili kinakuja. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu Libya, iliyotolewa Machi 2021, ilitaja droni za Kargu-2 kutoka Uturuki kuwa silaha zilizoundwa ziweze kushambulia bila kuunganishwa na mwendeshaji. Mwaka 2023 Katibu Mkuu wa umoja huo, António Guterres, alizitaka nchi zifikie mkataba wa kuzikataza silaha za aina hiyo ifikapo mwaka 2026. Kiswahili ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika tangu 2022, na wajumbe wake watakapoijadili hoja hiyo watahitaji maneno mawili yaliyo tofauti: moja la silaha ambayo mwenye kuulizwa yupo, na jingine la silaha ambayo imeundwa makusudi asiwepo.