Fimbo ya Mpanda Milima: Chombo, si Dalili ya Uzee

Wahenga walinena: fimbo ya mbali haiui nyoka. Katika lugha yetu fimbo ina jamaa wengi: kuna bakora yenye kishikio kilichopinda, na kuna mkongojo wa mzee au mgonjwa. Kwa sababu ya huo mkongojo, vijana wengi waendao milimani huona haya kushika fimbo. Historia yawakosoa.

Tarehe 8 Agosti 1786 tabibu Michel-Gabriel Paccard, mwenye umri wa miaka 29, na Jacques Balmat, mwenye miaka 24, walikuwa watu wa kwanza kufika kileleni Mont Blanc, penye kimo cha mita 4,800 na zaidi. Hawakuwa na kamba wala shoka la barafu. Walitegemea fimbo ndefu zenye ncha ya chuma. Katika karne ya 19 fimbo hiyo iliunganishwa na kishoka, na hapo ndipo lilipozaliwa shoka la barafu.

Tuje kwetu. Tarehe 18 Juni 1906 Luigi Amedeo, mwanamfalme wa Italia, alifika kilele kirefu kuliko vyote cha Ruwenzori, chenye mita 5,109. Kilele kikapewa jina la Malkia Margherita. Majina ya wachukuzi Wakonzo, waliojua njia na kubeba mizigo, hatuyasikii madarasani. Mlima huo una ukanda wa mianzi, na juu yake mna vinamasi kama kile cha Bigo. Mwenye busara hutanguliza fimbo apime kina cha tope, ndipo atie mguu.

Tangu miaka ya 1970 zimeenea fimbo za alumini zinazorefushwa na kufupishwa. Yafaa ichaguliwe ile ambayo, ukiisimamisha ardhini tambarare, kiwiko hukunjika kama pembe ya mraba. Ukipanda, ifupishe, ukishuka, irefushe, maana ndipo magoti yanapoelemewa. Kitanzi chake uingize mkono kutoka chini. Penye tope, kisahani kipana karibu na ncha huizuia isizame.

Basi, walimu wenzangu, tunapofundisha msamiati huu, tusiishie kwenye maana ya udhaifu. Fimbo imewafikisha wenye nguvu mahali ambapo nguvu peke yake isingetosha.