Sigara, Pombe na Saa za Kazi: Tabia Hatarishi Zinapoandamana

Watafiti wa afya ya jamii wamezoea kumhesabia mtu vihatarishi: anavuta sigara, kimoja, hafanyi mazoezi, cha pili, hali mboga na matunda ya kutosha, cha tatu. Tafiti za STEPS, zinazofuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, huishia kuwagawa watu wazima katika mafungu: wasio na kihatarishi, wenye kimoja au viwili, na wenye vitatu hadi vitano. (Viwili kati ya vitano hivyo, uzito uliozidi na shinikizo la damu, si tabia hata kidogo, ni matokeo.) Hesabu hiyo humweleza mtu mmoja mmoja. Ninachodai hapa ni kwamba tabia zikiandamana, kinachoziandamanisha mara nyingi ni kazi na kipato, na mambo hayo mawili dodoso la tafiti hizo haliyaulizi ipasavyo.

Kwanza, kuandamana kwenyewe kunahitaji uthibitisho. STEPS ya Tanzania ya mwaka 2012 ilikuta asilimia 15.9 wakitumia tumbaku na asilimia 29.3 wakinywa pombe. Kama mambo hayo mawili hayahusiani, bahati tu ingetupa watu wapatao 5 katika kila 100 wenye yote mawili. Ni pale wanapozidi idadi hiyo kwa kiasi cha kutosha ndipo pana jambo la kueleza. Sasa tazama mboga na matunda. Asilimia 97.2 hawakufikisha vipimo vitano kwa siku. Karibu kila mnywaji yumo, na karibu kila asiyekunywa yumo pia. Kinachomhusu kila mtu hakiwezi kuandamana na chochote, lakini alama yake huongezwa vivyo hivyo, na fungu la "wenye hatari nyingi" likavimba.

Jinsia nayo huwapotosha wengi. Utafiti wa tumbaku wa mwaka 2018 nchini Tanzania ulikuta watumiaji ni asilimia 14.6 ya wanaume na asilimia 3.2 tu ya wanawake. Wachanganye, na lolote wanalolifanya wanaume zaidi litaonekana kufuatana na sigara, hata kama miongoni mwa wanaume wenyewe hakuna uhusiano wowote.

Uingereza imetupa ushahidi mzito zaidi. Mwaka 2012 David Buck na Francesca Frosini wa King's Fund, taasisi ya sera za afya, walionyesha kuwa watu wazima wenye tabia tatu au nne kati ya uvutaji, ulevi, lishe duni na kutofanya mazoezi walipungua kutoka asilimia 33 mwaka 2003 hadi 25 mwaka 2008. Habari njema, mpaka uulize ni nani waliopungua. Mwaka 2003 wasio na cheti chochote cha elimu walielekea kuwa na tabia zote nne mara tatu kuliko wenye elimu ya juu. Mwaka 2008 ilikuwa zaidi ya mara tano. Ujumbe wa afya ulikuwa mmoja kwa wote, ila walioutumia ni wenye nafasi.

Kwetu Afrika Mashariki picha haiwezi kunakiliwa hivyo hivyo. Mkulima anayevuta sigara kijijini bado anashinda na jembe mkononi. STEPS ya Kenya ya mwaka 2015 ilikuta ni asilimia 6.5 tu wasiofikisha kiwango cha kuushughulisha mwili. Sigara na kukaa kitako hukutana katika kazi fulani. Mchukue dereva wa lori wa njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma, zaidi ya kilomita 900. Amekaa kutwa. Foleni ya mizani imemla saa, anavuta sigara usingizi usimchukue, na usiku wa manane kilicho wazi ni banda la chipsi. Akifika mpakani anasubiri, na pa kusubiria ni baa. Mtafiti atamwandikia alama nne, mshauri wa afya atampa nasaha nne, na ratiba ya tajiri itabaki ile ile.

Nafasi ya kulipima jambo hili iliwahi kujitokeza. Tanzania ilipopiga marufuku viroba, yaani pombe ya vifuko, tarehe 1 Machi 2017, pombe ya bei ya chini iliyouzwa hadi stendi ilitoweka kisheria ndani ya siku moja. Ilikuwa nafasi adimu ya kuona kama tabia moja ikizuiwa nyingine hulegea au hushika zaidi. Kulijibu hilo, dodoso lingehitaji maswali machache tu zaidi: unafanya kazi saa ngapi, usiku au mchana, unalipwa mshahara au posho ya safari, na unapopumzika unapumzikia wapi.