Historia ya Viraka vya Urembo na Kingo za Mviringo

 

Hesabu za hisa na mikopo ameziandika mweka hazina katika kurasa zake. Sisi tumeona tuandike historia ya kazi inayotunisha mfuko wetu, yaani kushona viraka vya urembo juu ya foronya, mashuka na vitambaa vya meza. Wapo wanaosema hii ni kazi ya akina mama waliokosa shughuli. Sivyo jamani. Kazi hii ina wenyewe tangu zamani.

Huko Kongo, kwa watu wa Kuba, wanaume hufuma nguo za nyuzi za mwale, na akina mama hushona viraka juu ya sketi zao ndefu za kujizungushia. Viraka vingine vimepinda kama ndoana. Katika ufalme wa Dahomey, ambao leo ni nchi ya Benin, waliofanya kazi hii walikuwa wanaume, baba akimrithisha mwana. Walikata alama za wafalme na kuzishona juu ya kitambaa. Mfalme Glele aliyetawala kuanzia 1858 hadi 1889 alama yake ilikuwa simba, na Behanzin aliyemfuata alikuwa na papa. Kairo nako uko mtaa wa Khayamiya, karibu na lango la Bab Zuweila, ambako wanaume hushonea mapambo ya mahema kwa mkono. Basi kazi hii si ya kike wala ya kiume. Ni kazi ya fundi.

Sasa cherehani. Mwaka 1830 Mfaransa Barthélemy Thimonnier alipewa hati ya mashine yake. Mwaka 1831 mafundi wa Paris wakavamia karakana yake wakavunja mashine, kwa kuogopa kunyang'anywa riziki. Mwaka 1846 Elias Howe wa Marekani akapata hati ya mashine ya nyuzi mbili, mmoja juu na mmoja chini, kama tunavyoshona sisi. Isaac Singer akafuata mwaka 1851. Mwaka 1856 kampuni yake ikaanza kuuza kwa mafungu, maana bei ilizishinda familia nyingi. Haba na haba, hata wenzetu wa Marekani walipata cherehani hivyo! Ila mashine ilibaki mali ya kampuni mpaka fungu la mwisho lilipwe. Aliyeshindwa aliweza kunyang'anywa.

Mashine hizo zilikwenda mshono wa moja kwa moja tu. Mwaka 1873 mwanamke wa Marekani, Helen Blanchard, alipata hati ya mashine ya zigizagi. Mshono huo huuma kiraka na kitambaa cha chini kwa pamoja, ukafunika ukingo usichanike nyuzi.

Lakini zigizagi peke yake haimfanyi mtu fundi. Mnunuzi akishika foronya hutazama kwanza penye mviringo. Chukueni korosho ya kanga: mgongo wake umetokeza nje, tumbo lake limeingia ndani. Ukifika mgongoni, simamisha sindano ikiwa imezama upande wa nje, kwenye kitambaa cha chini. Inua guu la mashine, geuza kazi kidogo, shusha guu, endelea. Ukifika tumboni, sindano izame upande wa ndani, kwenye kiraka. Ukikosea upande, mishono itaachana na kuacha pengo. Usivute kitambaa kwa nguvu, kiache kitembee na meno ya mashine. Chini yake weka karatasi, utaichana baadaye, ili kitambaa kisikunjamane. Uzi wa juu ulegezwe kidogo, wa chini usichungulie. Na mguu kwenye pedeli uwe wa pole, maana mviringo hautaki haraka.

Tumeyaandika haya kwa sababu mkutano wa mwaka huu una jambo la kuamua. Wapo wanaotaka mfuko wote ugawanywe, kila mtu aondoke na chake. Haki yao, fedha ni zao. Wengine tunaomba sehemu ibaki tununue zigizagi ya pili, kwa sababu iliyopo inapangiwa foleni, na oda kubwa hazingoji. Tukinunua kwa akiba yetu, hakuna wa kuja kutunyang'anya mlangoni. Tukigawana yote, chovya chovya humaliza buyu la asali, na mwakani tutaanza tena kwenye foleni ile ile.

Njooni mkutanoni tuamue pamoja. Kila mwenye hisa ana sauti.

Mwenyekiti, kwa niaba ya kikundi.