Pangaboi na Feni
Neno pangaboi, ambalo yaelekea latokana na pankha la Wahindi na boi aliyelivuta kwa kamba, lasadifu feni ya darini tu. Ile ndogo iliyomo ndani ya kasha la kompyuta yatosha kuitwa feni, nami naliridhia. Atakaye kuibadilisha hapa Arusha, ambako hewa ya mita 1,400 juu ya bahari ni nyepesi na vumbi la chini ya Mlima Meru halina staha, na achague, kasha likiruhusu, ya milimita 140 badala ya 120, kwani feni pana husukuma hewa kadiri ile ile kwa mizunguko michache, na kelele, aghalabu, ni zao la kasi. Tafadhali, msomaji, pima kwanza nafasi ya kasha lako.