Majongoo wa mapangoni hufuata mawe

JONGOO anafahamika kwa karibu kila mkazi wa Mwanza, kwani mvua zinapoanza huonekana akitambaa ukutani au kwenye ngazi za mawe. Wasiofahamika ni ndugu zake wa mapangoni, ambao huzaliwa na kufa bila kuuona mwanga wa jua.

Hadi sasa aina zipatazo 12,000 za jongoo zimekwisha kuelezwa na wataalamu duniani. Nyingi huishi chini ya majani yaliyooza, ambayo pia ndiyo chakula chao. Mwili wa jongoo hupoteza maji upesi, hivyo hulazimika kutafuta unyevu. Pangoni unyevu huo haukauki mwaka mzima.

Walioishi humo kwa vizazi vingi hubadilika. Macho hupotea, rangi hufifia, miguu na vipapasio hurefuka. Hula mabaki yanayoletwa na maji pamoja na kinyesi cha popo.

Hata hivyo, majongoo hao hawakutawanyika sawasawa. Wengi wako penye mawe ya chokaa, ambayo huyeyushwa na maji ya mvua hadi kuwa mapango marefu. Ndivyo ilivyo katika nchi za Balkani, kusini mwa China, Mexico na milima ya Appalachia nchini Marekani. Kwa upande wa Tanzania, mapango ya namna hiyo yako zaidi ukanda wa pwani, yakiwamo ya Amboni mkoani Tanga na ya Matumbi wilayani Kilwa.

Mwanza ni tofauti. Majabali yake, likiwamo Jiwe la Bismarck lililo ziwani, ni ya graniti, ambayo haiyeyuki kama chokaa. Badala ya mapango marefu kuna nyufa na vijumba vidogo kati ya jabali na jabali, vyenye kivuli, udongo na majani makavu.

Je, hiyo ina maana kwamba chini ya mawe ya Kanda ya Ziwa hakuna kitu? Jibu la tahadhari lilitoka Australia Magharibi mwaka 2021, ilipotangazwa aina mpya ya jongoo iitwayo Eumillipes persephone. Hakupatikana pangoni, bali mita 60 chini ya ardhi, katika shimo lililochimbwa kutafuta madini. Hana macho, ni mwembamba kama uzi, na mmoja wao alihesabiwa miguu 1,306. Kabla yake hakuna jongoo aliyejulikana kufikisha miguu 1,000.

Eneo hilo lina miamba ya kale yenye dhahabu, ya jamii moja na ile ya Geita.

Hapa nchini nako ugunduzi unaendelea. Mwaka 2024 zilitangazwa aina tano mpya za jongoo kutoka milima ya Udzungwa, waliookotwa juu ya ardhi, msituni.

Jongoo hana mbawa na hasafiri mbali. Aina nzima yaweza kuishi katika mlima mmoja tu, na mlima huo ukiharibiwa hana pa kukimbilia. Mwanza, ambako vilima hujengwa nyumba na majabali hupasuliwa kuwa kokoto, ni vyema nyufa hizo zichunguzwe mapema. Jabali likishapasuliwa halirudi, wala kiumbe aliyekuwa chini yake.