Pombe ya siku tatu: Ujiji, mtama na lile ua chungu la Wazungu

Kama una ndugu Uingereza au Marekani mwenye stoo yenye nafasi na mke mvumilivu, huenda umeshamsikia akijisifu kwamba anapika bia nyumbani. Siku hizi si kazi kubwa. Ananunua kopo la sharubati nzito ya kimea cha shayiri, anaimwaga kwenye ndoo, anaongeza sukari na maji mpaka lita 23, ananyunyiza hamira ya pakti, basi. Baada ya wiki kadhaa anakunywa kitu kinachofanana na bia ila chepesi, hakina mwili, na kina kautamu ka ajabu kwa mbali. Ndipo anapoingia kwenye hatua ya pili, ile ya kuboresha: analoweka nafaka zilizokaangwa kwenye maji ya moto ili apate rangi na ladha, halafu anachemsha na hopsi ili apate uchungu na harufu.

Jamaa akishafika hapo huwa anaongea kama amegundua umeme. Ninachotaka kusema leo ni kwamba nusu ya ugunduzi wake ilikuwa inajulikana zamani sana Buha, huku Kasulu, Kibondo na kuteremka mpaka Ujiji ziwani. Ile nusu nyingine, hopsi, hatukuwa nayo. Na kule kutokuwa nayo kumeamua mambo mengi, hasa nani apate hela ya pombe katika nchi hii.

Tuanze na ndizi. Pombe ya ndizi ya ukanda huu, ambayo Warundi wanaiita urwarwa na ndugu zetu wa Kagera wanaiita rubisi, haitengenezwi kwa ndizi yoyote tu. Kuna ndizi za kupika na kuna ndizi za pombe, hizi za pili zina ukakasi mkali zikiwa mbichi. Zinafukiwa kwenye shimo lililotandikwa majani ya mgomba, na moto unawashwa pembeni ili joto na moshi viingie. Baada ya siku chache zimeiva zote kwa pamoja. Zinamenywa, zinatiwa kwenye chombo cha mti kilichochongwa kama mtumbwi, zinapondwa pamoja na majani makavu. Majani yale si takataka jamani! Yanashika nyamanyama ya ndizi na kuacha juisi safi ipite. Bila majani utapata uji.

Juisi inayotoka ni tamu kupita soda. Sukari imo tayari, wanga wa ndizi umeshageuka wenyewe wakati wa kuiva. Kwa maneno mengine, juisi ile ni sawasawa na lile kopo la jamaa wa London: sukari iliyoandaliwa, inasubiri hamira tu. Na kama kopo, ukiiachia iumuke peke yake unapata kilevi kitamu-kitamu kisicho na uti wa mgongo.

Ndiyo maana mtama unaingia. Mtama, mara nyingi ule mwekundu, unakaangwa, unasagwa na kumwagwa kwenye juisi, kisha chombo kinafunikwa mahali penye joto. Unafanya kazi zaidi ya moja. Unatia rangi ya hudhurungi. Unatia ladha ya kuungua kidogo, kama ukoko wa mkate. Ganda la mtama mwekundu lina tanini, ile inayokausha ulimi kama chai iliyokaa sana, na hiyo inakata utamu. Pia unaipa hamira chakula ambacho sukari peke yake haina. Hamira yenyewe haitoki dukani. Inaishi kwenye vyombo, kwenye maganda, kwenye machicha ya pombe iliyotangulia. Mpishi mzuri haoshi kibuyu chake kwa sabuni mpaka king'ae, na sababu ni hiyo.

Sasa mlinganishe na yule wa ndoo. Sharubati ya kopo, nafaka iliyokaangwa, hamira. Juisi ya ndizi, mtama uliokaangwa, hamira. Akili ni ileile. Tofauti ni kwamba mmoja ana jarida la kumweleza na mwingine alifundishwa na shangazi yake.

Pombe ya nafaka tupu ni kazi nyingine na ngumu zaidi, maana nafaka haina sukari, ina wanga. Lazima kwanza uidanganye ichipue. Ikichipua inatengeneza vimeng'enya vya kukata wanga kuwa sukari, halafu unaianika kabla mche haujala kila kitu. Hicho ndicho kimea. Richard Burton, aliyefika Ujiji na Speke Februari 1858, aliieleza kazi hii katika kitabu chake cha safari kilichotoka 1860: sehemu ya nafaka inalowekwa mpaka ichipue, inatwangwa, inachanganywa na unga wa nafaka isiyochipuliwa, wakati mwingine na asali kidogo, inachemshwa zaidi ya mara moja kwenye vyungu vikubwa, inachujwa, inaachwa ichachuke. Burton alikuwa mtu wa dharau nyingi kwa watu wetu na sipendi kumnukuu kama msahafu, ila jicho la jikoni alikuwa nalo. Na aliona jambo moja la msingi: baada ya siku tatu hivi pombe ile huwa chachu kama siki.

Siku tatu. Shikeni hapo.

Ulaya nao walikuwa na tatizo hilohilo. Karne na karne walitia majani ya kila aina kwenye bia zao, na nyingi zilikuwa zinaharibika upesi. Hopsi ni maua ya mmea unaotambaa, ndani yake mna vumbi la njano lenye utomvu mchungu. Ukiyachemsha kama saa nzima, uchungu ule unayeyuka kwenye bia na kuzuia wadudu wengi wanaochachusha. Hildegard, mtawa wa Kijerumani wa karne ya 12, aliandika kwamba hopsi huzuia kinywaji kisioze. Mwaka 1516 watawala wa Bavaria waliweka sheria kwamba bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji tu. Baadaye Waingereza wakagundua kwamba wakizidisha hopsi bia inavumilia miezi baharini mpaka India.

Kwa hiyo hopsi haikuleta ladha tu. Ilileta muda. Bia yenye muda inaweza kusafiri, inaweza kukaa ghalani, inaweza kukopeshwa, kutozwa ushuru na kuuzwa na mtu ambaye hakuipika. Pombe ya siku tatu haiwezi hayo. Inapikwa leo, inanywewa kesho na keshokutwa, na wanaoinywa ni majirani.

Na wala hatukuwa wazembe kutoipanda. Mmea huu unatoa maua kwa kufuata urefu wa mchana, unataka ile michana mirefu ya kiangazi cha nchi za mbali. Kigoma iko kama nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, mchana ni saa 12 karibu mwaka mzima. Ungeupanda Ujiji ungekushangaa tu.

Mwisho wa njia ya msafara ulikuwa Ujiji penyewe. Burton aliondoka pwani Juni 1857 na kuliona ziwa Februari iliyofuata. Hebu fikiria kubeba kinywaji miezi hiyo yote kichwani! Ni pembe za ndovu na watu, utumwa ule, ndivyo vilivyolipa gharama za njia. Kinywaji cha kigeni kilifika kama mapambo. Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871 alikuwa ametunza chupa ya shampeni na vikombe vya fedha kwa ajili ya siku hiyo. Chupa moja, kutoka Bagamoyo! Wenyeji waliowazunguka walikuwa na pombe yao, na Waislamu wa Ujiji walikuwa na msimamo wao kuhusu yote mawili, au angalau mchana walikuwa nao.

Kilichobadilisha hesabu ni reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na mwanzoni mwa 1914 ikafika Kigoma, kilomita zipatazo 1,250. Reli hiyohiyo ndiyo iliyoleta vipande vya meli ya Graf von Götzen, ambayo leo ni MV Liemba. Safari ya miezi ikawa ya siku. Kuanzia hapo kreti la bia likawa na njia ya kufika ziwani likiwa zima.

Kufika ni jambo moja, kunywewa na nani ni jingine. Mkutano wa Brussels wa 1890, na baadaye mkataba wa Saint-Germain wa 1919, iliwafunga wakoloni wasiwauzie Waafrika pombe kali. Sababu zilizotajwa zilikuwa za huruma. Chini ya Mwingereza, hata bia ya chupa ilikuwa kwa miaka mingi kitu cha Mzungu. Mwafrika alibaki na kile walichokiita pombe ya wenyeji, nayo ikawekewa leseni, saa za kufungua na vilabu vyake mijini. Yaani bia iliyodumu ilikuwa ya mtawala, na ile isiyodumu ilikuwa ya kusimamiwa na askari.

Wakati huohuo viwanda vinaota. Kenya Breweries ilianzishwa 1922 na akina Hurst; mmoja wao aliuawa na tembo na ndiyo asili ya jina Tusker. Tanganyika Breweries ikafuata Dar es Salaam mwaka 1933. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ikawa mbia mkubwa, miaka ya 1980 bia ikaadimika mpaka kreti likawa la kupata kwa kujuana, na 1993 Wasauzi wakaingia. Ng'ambo ya mpaka, Brarudi ya Bujumbura ilikuwepo tangu 1955, ndiyo mama wa Primus na Amstel ambazo watu wa Kigoma wanazijua vizuri tu.

Ninachokiona katika mfululizo huo ni mabadiliko ya mkono. Pombe ya siku tatu ilikuwa, na kwa sehemu kubwa bado ni, kazi ya wanawake, hasa ile ya nafaka. Kwa mama wengi ni fedha ya ada, daftari na dawa, inayoingia Jumamosi jioni na kwisha Jumatatu. Hawezi kukua kwa sababu bidhaa yake haiwezi kungoja. Akipika nyingi, inachacha. Akipika kidogo, kuni zimekula faida. Bia ya kiwanda inangoja kwenye friji ya baa mpaka mshahara utoke. Watu wakisema pombe ya kienyeji ni ya kimaskini wanadhani wanaongelea ladha, kumbe wanaongelea siku za kukaa.

Wapo waliojaribu kuvuka. Banana Investments ya Arusha imeitia pombe ya ndizi kwenye chupa na kuiuza madukani. Uganda, mwaka 2002, kiwanda cha Nile kilitoa Eagle, bia ya mtama unaonunuliwa kwa wakulima wa ndani, na serikali ikaipunguzia ushuru. Wazo zuri, mkulima alipata soko. Ila angalia nani aliyepunguziwa! Mtama uleule ukiwa kwenye chungu cha mama, anayemtembelea ni mgambo. Mimi hilo linanikera, na sisemi haya kutetea gongo. Gongo ni pombe ya kukeneka, inaua watu na hiyo ni habari nyingine kabisa.

Tuseme sasa wewe unayesoma uko Kigoma na huyo ndugu yako amekuletea kopo la sharubati kwenye begi. Uliboresheje? Kwanza maji. Maji ya bomba mjini hutolewa ziwani, na Ziwa Tanganyika lina maji ya alkali, pH inacheza kati ya 8.6 na 9. Ukiloweka nafaka kwenye maji ya hivyo yanakamua tanini mpaka bia inakwaruza koo. Punguza kwa ndimu kidogo. Nafaka nyeusi nazo zina tindikali inayosaidia. Kwenye chungu cha urwarwa kazi hii inafanywa na uchachu wenyewe, bila mtu kupima.

Chukua kama robo kilo ya mtama mwekundu, ukaange mpaka unukie lakini usiungue, uvunjevunje bila kuufanya unga, ufunge kwenye kitambaa safi. Loweka nusu saa kwenye maji ya nyuzi 65 hadi 70, halafu utoe kabla hujachemsha. Bia itakuwa na ukungu kidogo kwa ajili ya wanga, msinung'unike. Kisha hopsi, kama ndugu amekumbuka kuleta. Kopo nyingi zimeshatiwa uchungu, kwa hiyo gramu 20 katika dakika kumi za mwisho za kuchemsha zinatosha, zinaleta harufu.

Tatizo litakalobaki ni joto. Hamira za bia nyingi zinapenda nyuzi 18 hadi 22 na mchana wa Kigoma unapita hapo. Weka ndoo kwenye beseni la maji, izungushie kanga iliyolowa, iache kwenye upepo wa ziwa. Na kama ndugu amesahau hopsi, basi alika watu mapema, maana una siku tatu.