Dhahabu ya Kakamega: Picha za zamani na mahali palepale leo

MKAZI wa Bulla Pesa, Isiolo, akisikia habari za dhahabu siku hizi, fikira zake huelekea Hillo, eneo la Dabel, kaunti ya Marsabit, ambako barabara ya kaskazini huelekea Moyale. Machi 2024 serikali iliamuru machimbo hayo yafungwe kufuatia mauaji. Mei mwaka uo huo, udongo uliporomoka na kuwaua wachimbaji watano. Hata hivyo, Kenya ilikwisha kuona wimbi kama hilo magharibi mwa nchi, na picha zake zipo.

Mnamo 1931 mlowezi Mmarekani, L. A. Johnson, alipata dhahabu Kakamega. Walowezi waliofilisiwa na kuporomoka kwa bei ya mahindi wakamfuata na kupiga mahema kandokando ya mito. Mwaka wa 1936 wapiga picha wa American Colony ya Jerusalem walizuru Afrika Mashariki, na kazi yao, ikiwemo ya machimbo ya Kakamega, imehifadhiwa katika mkusanyo wa Matson, Maktaba ya Bunge la Marekani mjini Washington. Yeyote mwenye intaneti aweza kuitazama.

Mgodi mkubwa, Rosterman, ulifungwa 1952. Leo jina hilo ni la mtaa wa mji wa Kakamega, wenye nyumba za kupanga na maduka. Lakini wakazi wangali wanateremka mashimoni kwa kamba, wanaponda mawe na kuosha unga wake kwa zebaki, sumu ambayo haikai shimoni tu bali hufika mtoni.

Anayetaka kulinganisha picha asitegemee mti wala paa. Atafute mgongo wa kilima, jabali au kona ya mto, kisha asimame pale aliposimama mpiga picha wa kwanza, majira yaleyale na saa ileile. Bonde la kijani laweza kuwa ni masika tu.

Lipo pia lisiloonekana pichani, nalo kwa maoni yangu ndilo zito zaidi. Sheria ya 1930 iliahidi kwamba ardhi ya hifadhi za Waafrika itakuwa yao milele. Desemba 1932, miaka miwili tu baadaye, ilirekebishwa ili ardhi iliyotwaliwa kwa uchimbaji isilazimu kufidiwa kwa ardhi nyingine. Shamba linaloonekana pembeni mwa picha lilikuwa la nani? Kamera haikuuliza. Wazee wa mahali wapaswa kuulizwa, na majibu yao yaandikwe pamoja na picha mpya.

Kwa Hillo kazi ni nyepesi zaidi, maana waliokuwapo wangali hai. Apitaye Dabel na simu apige picha, aandike tarehe, mahali aliposimama, upande aliouelekea, na ukoo uliokuwa ukichunga hapo kabla ya mashimo.